Mnyama wa Zizi la Ndahani

Mashoga zangu, tangu nirudi hakuna hata mmoja wenu aliyeniacha niteke maji kwa amani. Huyu anauliza kama ni kweli mnyama ana macho kisogoni, yule anauliza kama ni kweli nilimshika mkia. Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila kipande kikifika nyumba ya tatu kimeshaota pembe. Basi nimekaa chini, nimeshika kalamu aliyonifundisha baba, naandika yote mara moja. Anayejua kusoma awasomee wenzake, na atakayeongeza la kwake nitamjua.

Mwanzo wa kisa mnaujua. Mdogo wangu Zuhura aliolewa na Ndahani, Mgogo wa milima ya Kibakwe, kiongozi wa misafara aliyekuwa akipita hapa Kondoa siku za biashara ya pembe za ndovu. Alisilimu, akamwoa, akaondoka naye. Mwaka jana Ndahani akafa. Kisha akaja mchuuzi wa tumbaku na maneno ya Zuhura: kuna mnyama anafukua kaburi la mume wake, ndugu wa mume wanasema yeye ndiye anayemfuga, na mwezi mwingine ukiandama ataletwa mganga amnyweshe mwavi. Mwavi mnaujua. Ukiutapika, huna hatia. Usipoutapika, unazikwa nao.

Mwezi ulikuwa umeandama siku tatu tu. Nyinyi mliniambia nimwachie Mungu. Nikasema Mungu ndiye aliyenipa miguu. Miaka ishirini nimezitia chumvi ngozi alizouza marehemu mume wangu, nimeshika ngozi ya kila kinachotembea nyika hii, na sijapata kushika ngozi ya jini. Nilitaka kumwona huyo mnyama, nimwambie jina lake mbele ya watu.

Kondoa mpaka Haneti

Niliondoka na shemeji Idi, mdogo wa marehemu mume wangu, kwa kuwa mlisema mwanamke hasafiri peke yake. Idi mnamfahamu: mtu mwema, mkono wazi, lakini hata kivuli chake mwenyewe humshtua. Tuliungana na wachuuzi wa tumbaku waliokuwa wakielekea kusini, na kabla ya jua la kwanza kuzama Idi alikuwa amekwisha kuwasimulia habari zote za mnyama.

"Shemeji," nikamwambia, "tunakwenda kuokoa mtu, hatuendi kupiga mbiu."

"Nawaomba dua tu, shemeji."

Dua hiyo ilitutangulia. Wachuuzi wepesi walitupita, nasi kila kijiji tulichofika tulimkuta mnyama amefika kabla yetu na amekua. Kijiji cha kwanza alikuwa na kimo cha mbuzi. Kijiji cha tatu alikuwa punda mwenye mikono ya mtu. Siku ya tano, tulipokaribia Haneti, mwanamke mmoja aliyekuwa akipepeta uwele alinihakikishia kwamba ni jike, na kwamba ananyonyesha. Nikamuuliza nani kamwona. Akasema watu wa Kondoa. Idi akatazama upande mwingine.

Haneti tulipokewa na mwindaji mmoja mtu mzima, mwenye kaya kubwa na ng'ombe wanono. Alituandalia ugali wa uwele, mlenda na nyama iliyokaushwa, chakula ambacho miguu yangu ilikuwa ikikiota tangu asubuhi. Lakini kabla hatujanawa akaingia ndani akatoka na kitu kilichofungwa ndani ya kaniki kuukuu. Akasema kwa kuwa tunakwenda kwa mnyama, ni vizuri tumwone kwanza ndugu yake. Akafungua. Ilikuwa ngozi, ndefu, yenye madoa, na mbele ina mikono miwili yenye vidole na kucha. Idi akasoma Ayatul Kursi.

Mimi ngozi huisoma upande wa nyama. Nikaigeuza. Ilikuwa ngozi ya fisi, na mikono ya nyani imeshonewa kwa ukano, mshono wa mtu aliyekuwa na haraka. Nikasema hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya wake zake na wageni wengine. Nikamwonyesha na mahali uzi ulipokatikia.

Bakuli za chakula ziliondolewa moja moja. Idi alizisindikiza kwa macho mpaka ya mwisho.

Mwindaji hakukasirika kama nilivyotegemea. Alikunja ngozi yake polepole. "Mama, hii alinipa baba yangu," akasema. "Tangu niwe na kaya hii mwizi hajaingia. Umeona uzi, sawa, na mimi naujua huo uzi. Sasa wezi wangu utawazuia kwa kitu gani?"

Nililala na njaa na hasira, na hasira kubwa ilikuwa kwamba yule mzee hakuwa amejidanganya hata kidogo.

Dodoma, siku nane za bure

Siku nne baadaye tukaingia Dodoma. Msifikirie mji. Ilikuwa reli, mahema, maduka ya Wahindi yanayohesabika kwa vidole, na vumbi ambalo ukikohoa hapa mtu wa pili anakohoa kule. Nilitaka kupanda gari la moshi linalorudi mashariki tupu baada ya kushusha vyuma, ili nipunguze siku za mguu. Badala ya kupunguza nikaongeza. Siku zile mwanamume aliyeonekana amekaa bure alihesabiwa kuwa ni mtu wa reli, na Idi alikuwa amekaa bure kivulini akitoa miiba mguuni. Nyapara mmoja, mtu wa pwani mwenye kizibao, akamchukua kubeba mataruma ya reli.

Nilikwenda nikakaa juu ya lundo la mataruma yenyewe. Wakaniambia niondoke, nikasema nitaondoka na shemeji yangu. Jua likanichoma mpaka alasiri. Hatimaye nyapara akaja mwenyewe.

"Bibi, una shughuli gani njia hii?"

"Nakwenda Kibakwe kwa ajili ya mnyama."

Nilikuwa nimechoka, nikasema kwa mkato. Uso wake ukabadilika. Akaniletea maji, akaniita mama, akaenda zake. Asubuhi yake nikakuta wanaume ishirini wamejipanga mbele ya banda nililolala, mmoja kashika kuku. Nyapara alikuwa amewaambia kwamba amefika mganga wa kuwafunga wanyama.

Na wao pia walikuwa na mnyama. Mnyama wao alikuwa akila viatu. Viatu vya Mzungu wao viwili viliondoka, mkanda wa nyapara ukaondoka, na mfuko wa ngozi wa fundi ukaokotwa umebaki kifungo. Walisema anakuja bila sauti, anacheka mara moja, basi. Wengine walikuwa wamekwisha kukimbia kazi, nyapara akawa anakamata wapita njia kujaza nafasi zao, na ndivyo Idi alivyoingia.

"Viatu vile mnavipaka nini?" nikauliza.

"Mafuta ya ng'ombe."

"Basi mnampakulia fisi. Vitundikeni juu ya mti, na mikanda pia. Mwende mkalale."

Wakavitundika. Ikapita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna kilichopotea. Nyapara akangoja mpaka wiki itimie ndipo akamwachia Idi, akiwa na mabega yaliyochubuka na hadithi mpya kumi. Wale wanaume wakanishukuru kwa kuwafungia mnyama. Nikawaambia sikumfunga, nimesema tu mtundike viatu. Wakanijibu, ndiyo, mama, hivyo ndivyo ulivyomfunga. Nilibishana nao mpaka sauti ikakauka. Kuku nilimla, kwa sababu Haneti nilikuwa nimejifunza kitu kimoja.

Gari la moshi na boma

Gari la moshi sitalieleza sana, mtasema naringa. Tulipanda behewa lisilo na paa, tukashika kuta. Cheche iliruka ikatoboa kaniki yangu begani, tundu mnaliona mpaka leo. Idi alifumba macho Dodoma akayafumbua Gulwe, na katikati hakuna sura ya Kurani aliyoijua ambayo hakuisoma. Alipouliza tumefika wapi nikamwambia Makka, akaanza kulia kwa furaha, nikamwonea huruma nikamwambia kweli.

Baada ya hapo kuna boma la serikali. Silitaji ni lipi, karani wake yungali hai. Nilikuwa nimewaza njia nzima: mwavi umekatazwa na serikali, kwa nini nisiende kusema? Nikaingia. Karani alikuwa kijana msafi, mwenye maneno laini, akaanza kuandika hata kabla sijamaliza.

"Bwana mkubwa atafurahi sana," akasema. "Anakusanya wanyama. Ana mafuvu, ana nyoka kwenye chupa. Mnyama wa kufukua makaburi hana."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu."

"Na huyo naye. Askari watakwenda, mama. Jumbe atapigwa viboko, hao wazee watafungwa minyororo, nyumba zitatiwa moto, na ng'ombe wataletwa hapa. Kaburi litafukuliwa lote tupate mifupa ya mnyama, kama ipo, ipelekwe Ulaya."

"Na mwenye kaburi?"

"Mwenye kaburi si amekufa, mama?"

Alisema bila ubaya, kama mtu anayekujibu saa ngapi. Nikamwomba ile karatasi niione. Akanipa akicheka, akidhani nitaishika juu chini. Nikaisoma mpaka mwisho, nikaikunja, nikaitia kifuani. Nikamwambia aandike nyingine kama analijua jina la kijiji, maana mimi sikuwa nimelitaja.

Kwa utovu huo wa adabu nilipura mtama wa askari siku mbili. Mikono ilitoka malengelenge, mgongo ukakataa kunyooka. Karani alipita mara tatu akiniuliza jina la kijiji, na mara zote tatu nilimpa jina la kijiji tofauti. Siku ya tatu wakanichoka. Idi alikuwa ananingoja nje ya lango, amekonda kwa hofu kuliko mimi kwa kazi.

"Shemeji," akasema, "wewe utatuua."

"Sisi tutakufa njiani, Zuhura atakufa nyumbani kwake. Twende."

Kupanda Kibakwe

Tulipanda milima siku mbili kwa miguu iliyovimba, tukila ubuyu na maharage mabichi waliyotupa watu mashambani. Tulipofika kwenye kaya ya marehemu Ndahani zilikuwa zimebaki siku tatu mwezi uandame.

Kaya yenyewe ni tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, inazunguka uwanja pande tatu. Upande wa nne ni ua wa miiba. Katikati ya uwanja ndilo zizi, na ndani ya zizi, chini ya kwato za ng'ombe wake, ndipo anapozikwa mwenye kaya. Kwetu tungesema aibu. Kwao ni heshima, mtu analala na mali yake.

Zuhura alitoka mlangoni. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Hakulia. Alisema, "Shikamoo, dada. Umechelewa," kisha akashika mguu wangu akaanza kuutazama malengelenge. Nililia mimi.

Mzee Mhembano, kaka wa marehemu na mwenye kaya sasa, alikuja kunisalimu kwa adabu zote. "Mbukwenyi," akasema, nami nikaitikia kama Zuhura alivyonifundisha zamani. Kiswahili alikuwa amejifunza kwenye misafara akiwa na ndugu yake. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mbaya, nikamkuta mtu asiyelala. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama, tazama," akaniambia, akanipeleka zizini. Kaburi lilikuwa limechimbwa ubavuni, shimo la kuingia mkono mpaka begani. Walikuwa wamelifukia mara nne. Halafu akanionyesha shimo lingine chini ya ua wa miiba, na lundo la udongo mwekundu nje yake. "Anatoka hapa," akasema. "Udongo huu ametoka nao ndani. Ndugu yangu anatoka nyumbani kwake kama mwizi."

Hapo nikaelewa kinachomnyima usingizi. Hakuwa akimwogopa mnyama. Alikuwa akiamini kwamba mnyama ni Ndahani, kageuzwa, anatembea.

"Mmemwona?"

"Kinachotembea juu ya kaburi la mwenye kaya hakitazamwi. Tunasikia tu. Tunaziba milango."

"Na nyayo?"

"Ng'ombe wakitoka asubuhi, nyayo gani zitabaki?"

Akanitazama, akaongeza neno lililonichoma. "Baba yetu amelala hapa. Babu yetu amelala hapa, na baba yake. Hajafukuliwa hata mmoja. Ni huyu tu, aliyezikwa kwa maneno yako wewe."

Kweli, maneno yalikuwa yangu. Ndahani alipozidiwa, Zuhura alituma mtu kuniuliza namna ya kuzika, kwa kuwa huko hakuna shehe. Nikamwandikia: mkosheni, mvisheni sanda, mlazeni ubavu wa kulia aelekee kibla, na mfunikeni kwa miti ili udongo usimwangukie. Mzee Mhembano alikubali yote kwa mapenzi ya ndugu yake. Wao huzika ndani ya ngozi ya ng'ombe, udongo juu, basi. Nilidhani ananitukania dini, nikamjibu kwa ukali nisioweza kuuandika hapa, na siku hiyo hatukusemezana tena.

Majivu

Asubuhi nilimwomba Mzee Mhembano jambo moja. Ng'ombe walale kwa jirani, na zizi nilimwagie majivu. Zuhura na mimi tuliomba majivu jikoni kwa kila nyumba iliyokubali kutufungulia. Hazikuwa nyingi. Tukayachekecha kwa ungo kuzunguka kaburi mpaka kwenye ua wa miiba, weupe mtupu. Mzee Mhembano akawapeleka ng'ombe kwa jirani.

Kesho yake majivu yalikuwa kama tulivyoyaacha. Hakuna hata unyayo wa panya. Wanawake wa kaya walipita wakacheka pembeni, na mmoja akasema Zuhura amemzuia mnyama wake asije kwa kuwa dada yupo. Idi akaniambia kwa upole kwamba huenda wana hoja. Nikamwambia arudi Kondoa kama anataka. Hakurudi, namshukuru kwa hilo.

Siku ya pili nilitoka na alfajiri. Nyayo zilikuwa pale. Zilianzia kwenye shimo la ua, zikaenda kaburini, zikarudi. Kila unyayo alama tatu za kucha, nene, zimezama, na katikati ya nyayo mstari mrefu wa mkia unaoburutwa. Nilikaa chini nikacheka mwenyewe mpaka Zuhura akatoka kuniangalia. Muhanga. Mla mchwa, mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe, asiye na meno ya kumwuma hata mtoto. Ngozi yake nimeitia chumvi zaidi ya mara kumi, nene, ina nywele chache, na wanunuzi hawaipendi.

Nikakimbilia kwenye lundo la udongo nje ya ua. Hata mbwa akichimba, udongo hubaki nyuma yake. Lundo likiwa nje, mchimbaji alisimama nje, akaingia. Hakuna aliyechimba kutoka ndani.

Kisha kicheko kikaniishia. Muhanga hafuati maiti, anafuata mchwa. Na mchwa wamefuata nini kaburini? Baba yake Mhembano amelala hapa, babu yake amelala hapa, hawakufukuliwa, kwa kuwa juu yao hakuna mti. Miti ilikuwa juu ya Ndahani peke yake. Niliiagiza mimi, kwa mkono huu huu. Nilikuwa nimetembea nchi nzima nikiwacheka watu, na kumbe aliyemwita mnyama ni mimi.

Siku ya mwavi

Mganga alifika siku ile ile, jua likiwa juu, mtu mfupi mwenye kikohozi, akakaa pembeni na kibuyu chake kilichozibwa kwa majani. Hakuonekana kuifurahia kazi yake. Watu wakakaa uwanjani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nikawaonyesha nyayo. Wawindaji wawili wakainama, wakaambiana neno kwa Kigogo, wakakubali: ni muhanga. Nikawaonyesha lundo. Wakakubali hilo pia. Nikadhani nimeshinda.

Mzee Mhembano akasimama. "Muhanga namjua," akasema. "Shambani kwangu yupo. Lakini kwa nini anaacha vichuguu vyote vya mlima huu, anakuja kwa ndugu yangu? Nani kamtuma?"

Watu wakaguna, ndiyo. Nikamkumbuka yule mwindaji wa Haneti na uzi wake. Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kunyamaza kuhusu miti, nikabishana mpaka jioni juu ya kucha tatu. Nikatazama uso wa Zuhura, nikasema.

"Aliyemtuma ni mchwa. Na mchwa nimewaita mimi. Kuna miti juu ya Ndahani, niliiagiza mimi kwa barua, kwa sababu ndivyo tunavyozika. Zuhura hakujua, nami sikujua. Kama mnataka mtu wa kunywa, huyu hapa. Lakini nitakunywa nikiwaambia kwamba ni muhanga, na nikizikwa ataendelea kuja, na mtamnywesha nani mwingine?"

Nikanyoosha mkono. Mganga akamtazama Mhembano. Mhembano akatazama chini. Idi alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua, na hakukimbia. Mkono niliuacha pale pale.

Ndipo Zuhura akainuka. Aliingia ndani akatoka na jembe, akapita katikati ya wanaume, akaingia zizini.

"Hanywi mtu," akasema kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili ili nisikie. "Nimechoka kusemwa. Tutazame."

Akapiga jembe kwenye kaburi la mume wake.

Wanawake walijifunika nyuso. Mwanamume mmoja akapiga hatua kumzuia, Mhembano akamshika. Zuhura alichimba peke yake, jasho likimtiririka, bila kumtazama mtu. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa kichwa. Alipofika kwenye miti aliweka jembe kando, akapiga magoti, akafuta udongo kwa viganja. Miti ilikuwa imebaki maganda. Alipoigusa ilivunjika, na mchwa wakamwagika mikononi mwake, weupe, wengi. Miti miwili ya juu ilikuwa imeanguka ndani, na kupitia nafasi ile ilionekana sanda, imechakaa, imetulia, imelala ubavu wa kulia vile vile kama nilivyoandika.

"Mzee, njoo," Zuhura akaita.

Mzee Mhembano alikwenda. Aliinama ukingoni akaitazama sanda. Kisha akakaa juu ya udongo, mtu mzima mbele ya watoto wake na wakwe zake, akalia kwa sauti.

"Yupo," akasema. "Yupo. Hajaenda popote."

Mganga alijifunga kibuyu chake akashuka mlima bila kuaga. Baadaye wanaume walibeba mawe bapa kutoka korongoni, Idi mmoja wao na mabega yake mabovu, wakamfunika Ndahani kwa mawe badala ya miti, na udongo juu. Nilisoma Yasini. Mhembano akawarudisha ng'ombe zizini.

Kurudi

Nilikuwa nimekwenda kumchukua mdogo wangu. Jioni ile nikamfungia mzigo wake, si mkubwa. Akaufungua.

"Siendi, dada."

Nikamwambia maneno yote mnayoyafikiria. Kwamba watu hawa walikuwa wanamnywesha sumu. Kwamba hana mtoto hapa, hana mume, na kesho mvua ikikosekana watatafuta jina lake tena. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nimemfukua mume wangu kwa mikono yangu mbele yao," akasema. "Nikiondoka kesho, watasema alifukua akakimbia. Watakuwa wamepata mnyama wao, na jina lake litakuwa Zuhura. Nitakaa. Waamke kila siku wanione napita uwanjani. Mpaka waone haya, na wakishaona haya, nitazidi kukaa."

Nilikasirika, mashoga zangu. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa sauti yangu.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimejifunga mzigo nimesimama uwanjani na Idi. Tangu minong'ono ilipoanza, hakuna mtu wa kaya ile aliyempa Zuhura maziwa ya ng'ombe wa mume wake, walikuwa wakikamua wakipita mlangoni kwake kama hapana mtu. Siku ile Mzee Mhembano alikamua mwenyewe, akaja na kibuyu mpaka mlangoni pake, akabisha hodi. Zuhura alikuwa anafagia. Hakuacha. Alimwambia, "Ngoja, nafagia." Na mwenye kaya akasimama pale nje na kibuyu chake mikononi, watu wote wakimwona, akamngoja mdogo wangu amalize.